Secilia na Neno Kinyume

Mwaka wa vita, walimu wawili wa shule yao pale Mugoma walikwenda mgambo, na darasa la nne likabaki mikononi mwa Secilia. Alikuwa amemaliza la saba tu, anafundisha huku anajifunza. Kila Jumamosi Mwalimu Protasi alikuja na baiskeli kuwafundisha hisabati yeye na vijana wenzake walioshikishwa madarasa. Asiyefaulu mtihani wa mwisho angerudi shambani, na Secilia alilipenda sana darasa lake.

Kilichomsumbua ni neno moja, kinyume. Utotoni walikuwa wakisemezana kinyume, maji yakawa jima, ili wakubwa wasielewe. Basi Mwalimu alipoandika mpangilio 3, 1, 4, 2, yaani wa kwanza anahamia nafasi ya tatu, wa pili ya kwanza, na kuendelea hivyo, akataka kinyume chake, Secilia akausoma toka nyuma: 2, 4, 1, 3. Akapata vema. Hakujua ni bahati tu. Jumamosi iliyofuata ukaja 2, 3, 1, 4, naye akajibu 4, 1, 3, 2. Akakosa.

"Secilia, lugha ya kuchungia mbuzi iache huko huko," Protasi akasema. Wenzake wakacheka. Naye akacheka, ila moyoni aliogopa, maana mtihani ulibaki wiki moja.

Nyumbani alimkuta mama yake, Ildefonsa, anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

Secilia akaketi, akalijaza lile swali watu. "Tuseme ni siku ile ya kuhamia kijijini. Matiasi wa nyumba ya kwanza kapewa kiwanja cha pili. Nshoma wa pili, cha tatu. Sisi wa tatu, cha kwanza. Malongo wa nne kabaki wa nne. Sasa serikali inasema rudini. Sisi wa kiwanja cha kwanza, mimi nimeturudisha nyumba ya nne."

"Kwa Malongo?" Mama akaacha maharage. "Na Malongo mwenyewe yumo ndani? Mwanangu, kurudi ni kila mtu kwake. Sisi ya tatu, Matiasi ya kwanza, Nshoma ya pili. Malongo akae atutazame."

Secilia akahesabu kwa vidole: 3, 1, 2, 4. Usiku huo alisali rozari yake kwa utulivu.

Kwenye mtihani, mpangilio ulikuwa wa watu watano. Akamrudisha kila mmoja kwake. Swali la mwisho lilisema namba imezidishwa kwa mbili, kisha ikaongezwa tatu, irudishwe ilivyokuwa. Akakumbuka kisimani: unaweka ngata kichwani, kisha mtungi, ukifika, unatua mtungi kwanza. Akatoa tatu, ndipo akagawa kwa mbili.

Majibu yalipokuja, mama alikuwa jikoni.

"Darasa ni langu, mama."

"Mungu ashukuriwe. Na Malongo?"

"Yuko kwake."