Msizibe Shimo la Nyuki

Leo nimemfokea mume wangu mbele ya majirani, na siombi msamaha.

Nyuki wameingia kwa ukuta wa mbao wa jikoni yetu hapa Mwiki. Yeye ako na simiti mkononi, anacheka. "Naziba hili shimo, story iishe."

Nikapiga nduru. Hata mimi nilishtuka.

Jameni, miaka ya tisini kule Murera, Baba aliziba shimo kama hilo na matope. Akanawa mikono, akaitisha chai.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao. Ndani Mum alikuwa amebandika magazeti na uji wa ngano ndio baridi isipite. Si mnakumbuka hizo kuta?

Tukiwa kwa chai, ule mvumo wa nyuki ukutani ukabadilika. Ukawa kama mvua kwa mabati.

Halafu gazeti likaanza kusonga.

Ngai! Lilikuwa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu. Na chini yake ndio kulikuwa na kitanda, dadangu mdogo Wanja amelala.

Baba akanong'ona, "Mtu asipige kelele."

Mum akanyata, akamfunika Wanja na blanketi, akamwinua. Nikashika leso yake. Tulikuwa tunafika mlangoni gazeti likapasuka.

Mume wangu ameweka simiti chini. Ameniuliza pole pole, "Na mlitoka nyote?"

Nikamwambia ilibidi mtu afunge mlango haraka, nyuki wasitufuate.

Baba aliufunga akiwa ndani.