Bidoni ya Mama Béa Ndani ya Musée

Nianze na aibu yenyewe, musiitafute: nilipanga bidoni (wengine wanaita dumu) mu mulongo wa maji ambao haukuwa mulongo. Minye, mwenye diplome ya secondaire imetundikwa salon! (Bibi yangu, mama wa watoto wangu, anasema heri tuiwashie moto.)

Ilikuwa miaka ile ya mapora, watu walipopora maduka, na robine za maji za Likasi zinakohoa tu. Bidoni yetu ilipasuka, nikaazima ya jirani, Mama Béa, ya njano, bado iko na kifuniko chake (kifuniko, wapenzi, siku zile kilikuwa mali). Alinipa bila kuiachia mukono.

"Baba Kabwe, kisha midi maji itakuya ku avenue yetu. Niko na mama mugonjwa mu nyumba, anangoja bukari, ugali wake, na bidoni ni hii moja. Urudishe mbele ya midi."

Nikaapa: mbele ya saa sita mchana bidoni iko kwake.

Ku robine ya Shituru, upande wa viwanda, nilipata maji kidogo tu, ya kulowesha chini ya bidoni, robine ikakauka. Njiani kurudi nikaona watu wenye nguo za misa wanaingia musée, nyumba ya makumbusho. Minye si muntu wa kutembea, lakini Likasi ya wakati ule ukiona watu wanaingia fasi, mahali popote, unaingia kwanza, unauliza kisha.

Kumbe ilikuwa expo ya picha za ndoto, surréaliste wanasema. Ukutani samaki amevaa kravati, mwanamke ana dirisha kwenye tumbo. Sikuangalia sana, kwa sababu katikati ya chumba kulikuwa kitu ninachokijua kuliko sala: bidoni za njano, moja nyuma ya nyingine, mpaka chini ya robine. Kwetu bidoni ndiyo inasimama mulongo, mwenyewe anakaa kivulini. Nikaweka ya Mama Béa nyuma ya zote, nikakaa pembeni nikishukuru Mungu. Watu walipita, wakainama, wakanong'ona "formidable", ajabu kabisa, nikafikiri nao wana kiu.

Kisha nikaangalia robine vizuri. Ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Bomba hakuna.

Nikaenda polepole, nikashika bidoni, na mulinzi wa musée akapiga kelele: "Tia chini! Mapora iliisha!"

Askari wa mlangoni akaingia na bunduki. Chumba kizima kikageuka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia midi.

"Chef, ni ya jirani," nikasema, sauti nyembamba kama ya bibi arusi.

"Jirani gani? Hii iko œuvre, kazi ya sanaa!"

Wakamwita msanii, kijana wa Lubumbashi, mtulivu sana. "Zangu zote nilikata chini, hazishiki maji," akasema. "Mufungue ile, mugeuze."

Mulinzi akafungua, akageuza, na maji yangu ya Shituru yakamwagikia viatu vyeupe vya mkubwa mmoja wa mji. Bidoni ilikuwa na chini yake, kwa hiyo sikuwa mwizi. Lakini hakuna aliyecheka (ningelipa wacheke), na askari hakuniachia mpaka nilipopangusa vile viatu kwa shati langu, cha kuume, cha kushoto, nikipiga magoti, na saa ya ukutani ikipita midi.

Nilikimbia mpaka kwetu. Mbele ya kila mlango kulikuwa matope mapya ya maji yaliyomwagika, isipokuwa kwetu na kwa Mama Béa. Robine ya avenue ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Tangu siku ile nikiona watu wanaingia fasi, narudi nyumbani. Lakini siku ile nilipaswa kumweleza, nikamweleza yote, samaki, kravati, uzi. Mama Béa akachukua bidoni yake, akaitikisa karibu na sikio, akaniangalia.

"Maji ilikuya, ikaenda. Sasa weye rudia ku ile robine ya mu hewa, uone kama itamupikia mama yangu bukari."