Buji ya Mashine ya Majani

Jirani anaposafisha mashine yake ya kukata majani, harufu ya esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta ya moteri hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Mulekera, wakati wa vita. Baba alikuwa na mashine kama hiyo. Aliisafishia chumbani, madirisha yamefungwa, kisha akaing'oa buji, kile kiplagi cha kutoa cheche, ili mashine isiwake mikononi mwa wezi. Mama aliificha buji hiyo kwenye pindo la kikwembe chake.

Siku moja askari wawili waliingia. Mmoja akavuta kamba ya kuwashia mashine. Ikagoma.

"Iko na panne, chef," baba alisema.

"Donc unakuja nayo ku kambi. Utaitengeneza kule."

Waliopelekwa kambini hawakuwa wakirudi. Mama akafungua pindo polepole. "Buji ni hii. Nilinyanganya huyu mutoto, alikuwa anaichezea."

Sikuwahi hata kuigusa. Askari akaniinamia. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

"Ni weye?"

"Ni miye."

Akanizaba kofi. Buji ikarudishwa, mashine ikanguruma mle chumbani, wakaondoka nayo. Baba akafunga mlango. Jioni ile mama alinipakulia mimi kwanza, kabla ya baba.