Mkono Kinywani mwa Mbwa

Siku moja ya mavuno kule Kwaluguru naikumbuka hata ninapotaka kuisahau, mwanangu. Nilikuwa kijana, nina mbwa wa kufukuza nguruwe shambani, jina lake Mtanikoma, na kwa mbwa yule nilikuwa na majivuno kuliko mwenye ng'ombe. Siku mbili alikuwa akitafuna kuni, sauti imemkauka, udenda unamtiririka. Niliogopa. Lakini mbwa akishukiwa kichaa huuawa, na mwenyewe husemwa kijiji kizima. Basi nikasema amekwamwa na mfupa.

Rafiki yangu Sefu hakujua kumwacha mnyama akiteseka. Akaniambia nimshike, yeye akaingiza mkono kooni kuutafuta huo mfupa. Hakupata kitu, ila jino lilimkwaruza kidole, damu kidogo tu. Akaifuta kwenye kaptula, tukaendelea kuvuna mahindi. Kesho yake mbwa akafa. Nikamzika peke yangu, nikanyamaza.

Wiki zikapita, Sefu mzima kabisa, nami nikaanza kupata usingizi. Kumbe kirusi cha kichaa cha mbwa kilikuwa safarini mwilini mwake. Baadaye muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba kirusi peke yake hakiwezi kuzaana. Huingia na mate kwenye jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo, na humo huzitumikisha chembe hai za mwili zitengeneze virusi vingine kama chenyewe. Kisha hujaa kwenye mate na kumtia mnyama ukali, aume, kipate mwili mwingine. Mpaka leo nikiyawaza hayo nywele zinanisimama.

Kidole cha Sefu kikaanza kumwasha, ikafuata homa. Nilipokwenda kumwona, mkewe alikuwa anampa kikombe cha maji. Koo likamkaza, akatetemeka, akakisukuma. Halafu akanitazama.

"Yule mbwa, ulijua?"

"Nilihisi," nikasema. "Nikanyamaza."

Hakunitukana. Alimwambia mkewe awatoe watoto chumbani. Siku ya tatu tukamzika.

Muuguzi alinikemea mbele ya watu: Sefu angefikishwa zahanati mapema, kidonda kikaoshwa na sindano zikachomwa, angekuwa hai.

Basi, mwanangu, mbwa, paka au mnyama wa porini akikuuma, akikukwaruza au akikulamba kidonda, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachanjwe. Usingoje kuugua, maana dalili zikishaanza hakuna tena la kufanya. Mbwa wako mpeleke kwenye chanjo kila mwaka. Na ukishuku jambo, sema, hata kama aibu ni yako. Watoto wa Sefu ni watu wazima sasa. Wakinikuta njiani huniamkia shikamoo kwa adabu zote, na kila nikiitikia marahaba naona haya.

Mungu akukinge na ugonjwa usioonekana, mwanangu, na akupe ulimi usiochelewa.