Lori Lisilo na Klachi

Gerson wa Ipole aliendesha malori ya tumbaku tangu ujana, mpaka siku alipoteleza kutoka juu ya marobota na kuvunjika goti la kushoto. Goti liliunga, lakini halikukunjika tena, na mguu usiokunjika haukanyagi klachi. Akarudi kufuga nyuki na mkewe, Recheli. Malori ya Mpanda yalipopita nyuma ya msitu, aliacha moshi ukimzunguka mizingani, akasikiliza madereva wakibadilisha gia mwinukoni. Usingizini aliendesha. Njia ya ndotoni ilikuwa nyembamba, ya vumbi jekundu, na mbele yake watu walitembea na mizigo vichwani kwenda Ujiji. Hawakumpisha, naye hakuwa na haraka.

Ndipo Emilian, mdogo wake Recheli, alipoleta lori alilonunua likiwa limeshatumika.

"Shemeji, hebu panda."

Gerson akachungulia chini ya usukani. Pedali zilikuwa mbili tu; ya klachi haikuwepo. Akapanda, akaweka mkono juu ya usukani asishuke, hata Recheli akaja kumwangalia.

Daktari alimpima akaridhia, akarudishiwa kibali cha kuendesha. Lakini safari ya kwanza ilimtia mashaka. Kila gia ilipobadilika, lori lilinyamaza kidogo kama linalokumbuka jambo, kisha likashtuka na kukwaruza. Kwenye mwinuko aliachia breki, likarudi nyuma.

"Nimeuziwa ubovu," Emilian akasema. "Otomatiki hairudi nyuma."

Wakalipeleka taratibu hadi Tabora mjini, kwa fundi Magreth.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Giaboksi inaumwa."

Magreth alilala chini ya lori, akafuta tope ubavuni mwa giaboksi mpaka kibao cha kiwandani kikaonekana. Akakisoma polepole, kisha akalegeza nati ya chini. Oili ikachuruzika, nyekundu na nyepesi kama juisi ya rosela.

"Aliyekuwa nalo aliona pedali mbili akadhani ni otomatiki kamili, akalitia oili nyepesi ya otomatiki," alisema akijifuta mikono. "Ile kamili haina klachi. Oili ndiyo inayozunguka ndani na kusukuma, ndiyo maana ukiachia breki inajivuta yenyewe. Hili lako ndani lina gia za meno kama za zamani, na klachi ipo. Anayeikanyaga ni upepo, kwa amri ya kompyuta. Linataka oili yake nzito."

"Kumbe klachi ipo?"

"Ipo, baba. Ila si kazi ya mguu wako."

Gerson akacheka kidogo, halafu machozi yakamlengalenga. Magreth akageukia sumaku iliyo kwenye ile nati, inayonasa chuma kinacholika ndani. Ilikuwa na unga laini wa chuma, hakuna vipande. Meno yalikuwa mazima. Akaweka oili iliyoandikwa kwenye kibao, akamwelekeza Gerson asiachie breki mlimani kabla lori halijashika, na kwenye mchanga achague gia mwenyewe kwa kishikio kidogo pembeni mwa usukani.

Wakati wa kurudi, mkwaruzo haukusikika tena. Ule unyamavu wa katikati ya gia ulibaki, ukifuatwa na pumzi ya upepo, na Gerson akajifunza kuusubiri: akilegeza mguu wa kulia kidogo tu, lori lilipokea gia kama mtoto anayegeuka usingizini. Miombo ilikuwa imechanua majani mekundu pande zote mbili. Jua lilikuwa jepesi, na barabara ilionekana kuelea.

Baada ya mavuno ya asali alipakia madumu ya kwenda Mpanda. Recheli alisimama mlangoni pa lori na kitenge kipya.

"Miaka yote hujawahi kunichukua."

"Hukuwahi kuomba."

"Leo naomba."

Gerson akampa mkono, naye akapanda. Walipovuka mto Koga, Recheli aliuliza kama watu wa zamani walipita huku kwa miguu, na Gerson akaanza kumsimulia njia aliyokuwa akiiota, jinsi wale watu walivyotembea bila kugeuka. Hakuwahi kumwambia mtu. Recheli alisikiliza mpaka usingizi ukamchukua, kichwa kikiegemea bega la mumewe, naye Gerson akaendelea kusimulia kwa sauti ya chini.