Zamu Niliyoipokea Kwenye Ghala la Kahawa

Habari hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, asubuhi kweupe, na mbege sikuwa nimeionja hata tone. Nawahi kulisema hilo kwa sababu watu wa Moshi wakisikia kisa cha aina hii, swali la kwanza ni ulikunywa nini.

Mimi ni mchoraji. Wenzangu huwachorea watalii simba na twiga. Mimi nauchora mji, hasa upande wa viwanda kandokando ya reli, maana unabadilika kabla rangi haijakauka. Leo unachora karakana, kesho pamekuwa kituo cha mafuta. Siku hiyo nilitaka kuliwahi ghala kuukuu la kahawa, ambalo lilikuwa libomolewe asubuhi hiyohiyo. Na asubuhi hiyohiyo nilitakiwa Marangu, kwa kina Aikande, kupeleka posa. Baba yake mdogo alikwisha kusema wazi kwamba haelewi mchora picha anafanya kazi gani, na kwamba nikichelewa nisijisumbue kuingia. Nikapanga vizuri: nianze kunapopambazuka, mlima ukiwa wazi, nimalize kabla mawingu hayajaufunika, kisha nipande gari.

Nilikuwa nimeweka kigoda ndani ya geti na kusimamisha turubai, nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Nikageuka. Mzee wa koti zito la kaki, tochi mkono mmoja, rungu mkono mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa zamu ya asubuhi?"

Sasa niambie, wewe ungejibu nini? Nilijua nikikataa ataniuliza kibali, tutabishana mpaka mlima ujifunike. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akanitazama. "Mmechelewa sana kunipokea," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Akanikabidhi tochi na rungu. "Lindo salama. Mimi naenda nyumbani."

Nje ya geti mafundi walikuwa wamechimba mtaro wa bomba, kina chake kinamfika mtu kifuani. Mzee hakuuruka wala hakuuzunguka. Alipita juu yake, hewani, hatua kwa hatua, kana kwamba barabara ya zamani bado ipo. Akaenda zake kuelekea mlimani.

Nikakusanya brashi nikimbie. Niamini, miguu ilifika getini ikageuka. Nikairudisha, ikageuka tena, ikanipeleka kuzunguka ghala nikikagua kufuli. Na milango yenyewe ilikwisha ng'olewa! Nilikuwa nashika hewa na kuitikisa nione kama imefungwa.

Simu ikaita. Aikande.

"Uko wapi?"

"Getini."

"Geti la kwetu?"

"La ghala. Siwezi kutoka."

"Nani amekushika?"

"Zamu."

"Baba mdogo ameshavaa koti," akasema, akakata.

Akapita mama mmoja na beseni la ndizi kichwani. Nikamsihi anipokee lindo, dakika moja tu.

"Mwanangu, mimi nawahi soko la Kiboriloni," akasema. "Na hayo matofali nani atayaiba?"

Kisha likaja buldoza. Dereva alinisikiliza mpaka mwisho, nakiri hilo.

"Kaka, mimi nimekuja kubomoa. Nikipokea lindo, si itabidi nijikamate mwenyewe?" Akachomoa chupa yake ya chai. "Nakunywa hii. Nikimaliza naangusha ukuta, uwe umetoka."

Nilikuwa naona chai inavyopungua. Hapo ndipo nilipolitazama turubai. Ghala lilikuwa tayari, mlima tayari, geti liko wazi na halina mtu. Nikashika brashi, nikamchora mlinzi. Mtu mnene, mabega mapana, kofia. Nikamchorea rungu; lililokuwa mapajani mwangu likawa halipo. Nikamchorea tochi, nayo ikaenda. Nikasimama wima mbele ya picha.

"Lindo salama. Nakukabidhi."

Kimya. Dereva akatikisa chupa, akamimina kikombe cha mwisho. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Ndipo nilipogundua kwamba sijamchorea mdomo. Nikaupiga kwa mstari mmoja.

"Nimepokea," akasema.

Nilivuka geti na turubai kwapani, rangi mbichi ikinipaka shati lote. Nyuma yangu ukuta ukaanguka.

Marangu nilikuta wazee wamekwisha kuketi, mbege imekwisha kuzunguka. Baba mdogo akanipima kuanzia viatu mpaka shati.

"Ulikuwa wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. "Lindoni, baba. Kwenye ghala la kahawa. Wa kunipokea alichelewa."

Akawageukia wenzake. "Kumbe kijana ana kazi inayoeleweka. Mbona mlinificha?"

Posa ilipokelewa siku hiyo. Mpaka leo, tukipanda Marangu kwa Krismasi, ananiuliza kama nimepandishwa cheo.

Picha iko sebuleni kwetu Moshi, maana hakuna anayethubutu kuinunua. Mgeni akiingia giza limekwisha kuingia, sauti humuuliza anakwenda kwa nani. Nikichelewa kurudi, humwambia Aikande, "Mama, baba ndiyo anaingia." Mke wangu anasema ndicho kitu cha maana zaidi nilichowahi kuchora.

Lakini siku hizi mabega ya yule mlinzi yameinama. Sikuyachora hivyo. Ameegemea nguzo ya geti, na kukikaribia kupambazuka namsikia akiuliza kama wa zamu amefika. Mimi najifunika shuka, nanyamaza.

Kwa hiyo karibu kwetu, chai ipo. Ila ukikaa kwenye kile kiti kinachoelekea ukuta wenye picha, ukaulizwa swali kwa upole na mtu aliyechoka, nakuomba sana usijibu ndiyo kwa adabu tu.