Presha ya Binti Yangu na Kipimo Changu cha Dubai

Walisema sitafika popote. Mtoto wa mbeba kahawa wa Kyondo, walisema, diploma ataisikia redioni tu. Niliipata, ya ufundi wa umeme. Walisema Dubai itanitema baada ya miezi mitatu; nilikaa miaka sita, nikarudi Bwera, mpakani na Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na stoo ya chumvi ya Katwe. Siku za soko la Mpondwe wanawake wa Kongo walijipanga mlangoni kwangu kabla ya kwenda kwingine kokote.

Mwaka huohuo mke wangu alibeba mimba. Ilipofika miezi saba miguu yake ilivimba, kichwa kikamuuma hadi akawa haoni vizuri. Tulimkimbiza hospitali ya Kasese. Walimpima presha, wakatazamana, wakaniambia nitoke nje. Binti yetu alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumshika. Mama alipona, mtoto akakua. Nikaona yamekwisha.

Binti alipofika miaka sita, daktari mmoja alisema redioni kwamba watoto waliozaliwa na mama mwenye presha ya mimba huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha wao wenyewe baadaye, na moyo wao kuchoka mapema. Nilizima redio. Mke wangu sikumwambia. Nilikuwa na kipimo changu cha presha, nilichokinunua Dubai kwa jasho langu, basi kila Jumapili baada ya ibada nilikitoa barazani. Nilimpima binti, nikawapima na watoto wa majirani. Namba zake zilikuwa nzuri, nami nilizitangaza mtaa mzima.

Siku moja ya soko nilikuwa nikimfunga binti kitambaa cha kipimo mkononi mbele ya stoo. Mteja wangu wa Butembo, Kongo, mama aliyewahi kuwa muuguzi kwao, aliweka gunia chini.

"Papa diplomé, hiyo kitambaa iko ya nani?"

"Ya mashine. Imetoka Dubai, mama."

"Iko ya mukono ya mutu mukubwa! Inamuzunguka mutoto mara mbili." Akacheka mpaka wenzake wakageuka. "Ukimuvalisha mutoto suruali yako, utasema amekonda?"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ya wateja. Ndipo akasogea karibu, akasema polepole: "Kitambaa ikiwa kubwa, namba inashuka. Inakudanganya. Umupeleke bapime na ya batoto."

Niliacha stoo wazi, nikambeba binti hadi kituo cha afya. Walimfunga kitambaa kidogo. Muuguzi alipima, akangoja, akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Mimba ya mtoto huyu ilikuwaje, mzee?"

Nilimweleza. Akaandika. Presha ya mtoto ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, akasema, na ni lazima moyo uangaliwe hospitali ya Mbarara.

Nyumbani mke wangu alisikiliza akiwa amesimama. "Basi ni mimi niliyempa," alisema.

"Hukufanya kosa lolote. Muuguzi amesema hivyo."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Nilikwenda kufunga stoo niliyoiacha wazi. Wiki mbili tulizongoja kwenda Mbarara hakuna aliyeweka chumvi ya jiwe kwenye maharagwe, katika nyumba inayoishi kwa chumvi. Binti akikimbia uani nilimwita arudi. Akilala nilisogeza sikio kwenye kifua chake, na kila pigo nililolisikia niliona ni la haraka mno.

Mbarara daktari alipitisha kifaa juu ya mbavu zake, akitazama kioo. Nilikuwa nimefunga mitambo mikubwa katika majengo ya ghorofa arobaini. Pale sikuelewa hata mstari mmoja. Hatimaye alisema kuta za moyo hazijanenepa. Apunguze chumvi, acheze, arudi kila baada ya miezi michache. "Hajaumia. Lakini msimwache bila kupimwa, hata akiwa mkubwa."

Mke wangu alilia njia nzima hadi Bwera. Mimi nilihesabu majina ya watoto niliowapima.

Walikuwa kumi na mmoja. Wazazi wao waliniamini. Nilianzia upande wa Nyakiyumbu kwa miguu, nyumba moja baada ya nyingine, nikiwaambia kipimo changu hakikufaa mkono wa mtoto, wawapeleke kituo cha afya wakapimwe upya. Wengine walinicheka. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama ambaye naye alivimba miguu wakati wa mimba. Aliacha kupepeta mchele.

"Kwa hiyo mwanangu ni mgonjwa?"

"Sijui, mama. Nilikuambia najua, na sijui."

Akaenda ndani kumtafutia mtoto viatu.